Mama ntilie, huyu samaki katoka wapi?

Juzi nikitokea Handeni niliteremka Korogwe, njaa inauma. Mama ntilie akaniita: "Karibu kaka, samaki wa moto huyu!" Nikashambulia ugali. Ndipo jamaa wa meza moja akanitia wasiwasi: "DDT ya Old Korogwe unaijua?"

Msomaji, si porojo. Palikuwa na ghala la dawa za wadudu zilizopitwa na wakati. Likasafishwa, lakini miaka kibao baadaye watafiti walipima udongo, wakakuta DDT bado imo.

Kasheshe ni kwamba DDT haipatani na maji, inapenda mafuta. Vijidudu vya majini huibeba kidogo, dagaa akala vijidudu, jodari akala dagaa, sumu inazidi kurundikana. Huko juu kabisa wapo pomboo na nyangumi wenye meno, na mama humnyonyesha mwanawe sumu hiyohiyo.

Mto Pangani unapita Korogwe kwenda baharini. Mkoa huohuo wa Tanga ndiko aliko silikanti, samaki wa kale aliyetengewa hifadhi mwaka 2009. Mwaka 1991 wanasayansi walitangaza kukuta DDT kwa ndugu zake wa Komoro, wanaoishi kilindini kabisa! Sisemi ilitoka Korogwe. Upepo na mikondo huibeba mbali.

Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliibana DDT, ikabaki kwa wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Basi ukikuta dawa ya zamani stoo kwa babu, usimwage mtoni. Muone bwana shamba. Jamani, samaki tunakula wote!