Asili ya Neno "Mahala" katika Kiromania

Msemaji wa Kiswahili asomaye kitabu cha Kiromania hukutana na neno mahala, akadhani amekutana na ndugu yake. Ni ndugu kweli, lakini walilelewa nyumba mbali mbali. Katika Kiromania neno hili, ambalo mkazo wake huwa kwenye silabi ya mwisho, lina maana ya mtaa wa pembezoni mwa mji, na mara nyingi hutamkwa kwa dharau.

Asili yake ni mzizi wa Kiarabu ḥ-l-l, wenye maana ya kufungua na kutua (ndimo lilimotoka pia neno letu halali). Kwa kiambishi ma- Kiarabu kilipata maḥall, yaani mahali, na maḥalla, yaani mtaa. La kwanza lilifika pwani yetu. La pili lilichukuliwa na Waturuki, wakalitamka mahalle, nalo likaenea katika nchi za Balkani. Wallachia na Moldavia zililipa kodi kwa dola ya Osmani kwa karne kadhaa, na huko Bucharest mahala ilikuwa mtaa wa kawaida tu, aghalabu ukiitwa kwa jina la kanisa lake. Dharau ilikuja katika karne ya 19, wasomi walipogeuza nyuso zao kuelekea Paris: cartier, neno la Kifaransa, likashika maana ya heshima, na mahala likaachiwa vichochoro. Mahalagioaică ni mwanamke mmbeya. Lakini Uturuki hadi leo mahalle ni jina rasmi la mtaa wa kiutawala. Lazăr Șăineanu, aliyechapisha mwaka 1900 uchunguzi wake mkubwa juu ya athari ya mashariki katika Kiromania, alikusanya maneno mengi ya namna hii.

Lakini lililo muhimu zaidi kwetu ni sarufi. Kiromania kililivika neno hili vazi la Kilatini: mahala, mahalaua, mahalale, sawasawa na stea, steaua, stele, yaani nyota, neno la urithi. Kiswahili nacho kililitia mahali katika ngeli ya PA-: mahali pale pamejaa; na wako wasemao pahali, wakiiondoa ma- ya Kiarabu kana kwamba ni kiambishi cha Kibantu. Wale wahesabuo maneno ya mkopo katika kamusi ili kukipokonya Kiswahili Ubantu wake yafaa wajiulize kama wako tayari kukiita Kiromania lugha ya Kituruki.