Mudharaba kitabuni, murabaha dukani

Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr kwenye delta ya Nile, mchumi Mmisri Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba isiyotoa wala kutoza riba. Alikuwa amesoma Ujerumani na kuziona benki za akiba za huko. Jaribio lake halikumaliza muongo, lakini wazo lilisambaa.

Wanafikra wa uchumi wa Kiislamu walilenga mbali kuliko benki. Vitabu vya uchumi vilizoea kumchora mtu mwenye akili kama anayejali maslahi yake tu. Kwani anayetoa zaka hana akili? Muumini hupiga hesabu inayovuka kaburi. Mwaka 1981 Mpakistani Syed Nawab Haider Naqvi alijenga nadharia nzima juu ya nguzo za kimaadili: umoja, mizani, hiari na wajibu.

Mkataba waliousifu zaidi ni mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine kazi. Faida hugawanywa kwa mafungu waliyokubaliana. Hasara ya fedha humwangukia mwenye mtaji, mradi mwenzake hakuzembea wala kuvunja masharti. Haki tupu. Ila nani atakagua daftari la muuza duka kila jioni? Aliyepata nyingi hushawishika kutaja chache, na mwenye uhakika wa faida nono hapendi kuigawana.

Akili ile ile ikazisukuma benki kwenye murabaha. Tuseme kijana anataka pikipiki ya bodaboda ya shilingi 3,000,000. Benki huinunua kwanza, kisha humuuzia kwa 3,600,000, alipe 200,000 kila mwezi kwa miezi 18. Wakosoaji wanasema hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Wana hoja, lakini si yote: pikipiki ikiungua kabla haijauzwa, hasara ni ya benki, na kijana akichelewa kulipa, bei haipandi ili benki ifaidike.

Tawarruqi ya kupangwa ndiyo ngumu kuitetea. Mteja hununua metali kwa benki kwa mkopo, benki hiyo hiyo huiuza kwa wengine kwa niaba yake papo hapo, naye huondoka na fedha taslimu bila kuiona hata chembe ya metali. Mwaka 2009, mjini Sharjah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba haijuzu. Uamuzi huo hauzibani benki kisheria, na zipo zinazoendelea nayo.