Mitishamba ya Kichina na usugu wa saratani ya matiti

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka 2022, na watu wapatao 670,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo mwaka huohuo. Miongoni mwa sababu za vifo hivyo ni usugu: dawa iliyokuwa ikiupunguza uvimbe hufika siku ikawa haiupunguzi tena. Je, mitishamba ya Kichina yaweza kuirejeshea dawa hiyo nguvu zake?

Kwanza tuutazame usugu wenyewe. Mwaka 1976, watafiti Rudolph Juliano na Victor Ling, waliokuwa mjini Toronto, Canada, walieleza kuhusu protini iitwayo P-glaikoprotini. Protini hii hukaa katika utando wa seli na kufanya kazi mithili ya pampu. Dawa za tiba ya kemikali kama vile doksorubisini na paklitakseli zikiingia ndani ya seli, pampu huzitoa nje kabla hazijafanya kazi. Hiyo si njia pekee ya usugu, lakini ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa muda mrefu.

Hapa ndipo mitishamba inapoingia. Katika tiba ya jadi ya China kuna mzizi uitwao han fang ji, wa mmea ambao wataalamu huuita Stephania tetrandra. Kutokana nao hupatikana kemikali ya tetrandrini. Katika maabara, tetrandrini imeonekana kuizuia pampu hiyo, na seli sugu za saratani ya matiti zikaanza tena kufa kwa doksorubisini.

Hata hivyo, seli za maabara si mwili wa binadamu. Pampu hiyohiyo imo katika utumbo, ini, figo na mishipa ya damu ya ubongo, ambako huukinga mwili dhidi ya sumu. Ukiizuia, tiba ya kemikali yaweza kurundikana na kumdhuru mgonjwa. Ndiyo maana dawa za hospitali zilizojaribiwa kwa lengo hilo tangu miaka ya 1980, zikiwemo verapamili na valspodari, hazikuleta mafanikio yaliyotarajiwa.

Hatari nyingine ni ya kutojua kilichomo ndani ya kifurushi. Mapema miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene walianza kupoteza figo zao. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahali pa han fang ji palikuwa pamewekwa mmea mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, guang fang ji, ambao una asidi ya aristolokiki. Walioathirika walizidi 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

Hayo yote hayana maana kwamba mimea haifai. Paklitakseli yenyewe ilitokana na gome la mti wa Marekani. Artemisinini, inayotumika katika dawa mseto za malaria, ilitokana na mmea wa Kichina, na ilimpatia mtafiti Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini katika mifano yote miwili, wanasayansi waliitenga kemikali, wakakipima kipimo chake, na wakaijaribu kwa wagonjwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, ikiwa wewe au nduguyo anapata tiba ya kemikali, popote mlipo, msiiache kwa ajili ya mitishamba, wala msiichanganye nayo kwa siri. Ipelekeni chupa au kifurushi hicho kwa daktari wa saratani, akione kwa macho yake, kabla ya dozi ifuatayo.