Saa Mbili Zikitofautiana, Zote Sahihi

Majuzi mwanafunzi wangu aliniuliza: "Prof, mtu anunue saa ya atomu ya nini na simu ipo?"

Swali zuri. Saa yoyote huhesabu kitu kinachojirudiarudia. Saa ya atomu huhesabu mitetemo ya mawimbi yanayosisimua atomu. Tangu 1967, sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi yanayohusishwa na atomu ya sesiamu.

Sasa, wapo wapenzi wa saa hizi wanaozinunua zikiwa kuukuu, wakazitengeneza nyumbani. Mwaka 2005, mmoja wao huko Marekani alizipakia tatu kwenye gari la familia, akapanda na wanawe Mlima Rainier wakakaa wikendi. Waliporejea, saa hizo zilikuwa zimezitangulia zile zilizobaki nyumbani kwa nanosekunde 22 hivi. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Je, ziliharibika? La. Einstein alikwisha kueleza kwamba wakati hupita upesi zaidi mlimani kuliko bondeni. Mwaka 2022, wanasayansi wa taasisi ya JILA, Colorado, waliipima tofauti hiyo katika kimo cha milimita moja tu, kwa atomu za strontiamu.

Kiswahili hukiita chombo saa, na kipimo nacho saa. Ndiyo maana saa mbili zikitofautiana tunaona moja ni mbovu. Kumbe zote zaweza kuwa sahihi, wakati wenyewe ndio uliotofautiana. Hilo, nilimwambia kijana, simu yako haitakuonyesha.