Pandoc: Programu huria inayogeuza nyaraka bila kuzitoa mikononi mwa mwenyewe

KATIBU wa chama cha akiba huko Likoni, Kisauni au Changamwe akitaka kubadilisha muundo wa kumbukumbu za mkutano, huweza kuzipeleka saiba, zikapakiwa katika tovuti ya bure na kurejeshwa zikiwa zimegeuzwa. Kazi huchukua dakika chache, lakini majina ya wanachama, nambari za vitambulisho na michango yao huwa vimepitia kwenye tarakilishi ya mtu asiyejulikana.

Ipo njia nyingine. Pandoc ni programu huria iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Hupatikana bila malipo, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kuirekebisha. Ikishawekwa kwenye tarakilishi, hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Pandoc husoma waraka na kuuchambua katika sehemu zake: vichwa, aya, orodha, majedwali na tanbihi. Kisha huziunda upya sehemu hizo kwa muundo unaotakiwa. Waraka wa Word waweza kuwa ukurasa wa tovuti, au kitabu cha EPUB cha kusomwa kwenye simu. Kinachohifadhiwa ni mpangilio wa maandishi; mapambo kama vile upana wa pambizo huenda yakapotea.

Toleo la 3.0, lililotolewa Januari 2023, liliongeza uwezo wa kuugawa waraka mrefu katika kurasa nyingi za tovuti zilizounganishwa. Hivyo msomaji wa kitabu kilichowekwa mtandaoni huweza kufungua sura moja bila kupakua kitabu kizima, na kuokoa bando. Mwaka huo huo, Pandoc ilianza kutoa nyaraka kwa muundo wa Typst, mfumo wa kupanga chapa ulio mwepesi kuliko LaTeX, ambao umetumika kwa miaka mingi katika kutengeneza PDF.

Hata hivyo, Pandoc haisomi faili za PDF, ingawa huzitengeneza kwa msaada wa programu nyingine. Hatimiliki ya shamba iliyopigwa picha, kwa mfano, haiwezi kugeuzwa kuwa maandishi kwa njia hii. Aidha, kwa kawaida mtumiaji huandika amri kama hii: pandoc kumbukumbu.docx -o kumbukumbu.epub. Maelezo rasmi ya amri hizo yako kwa Kiingereza.

Kizuizi cha lugha kimewahi kukabiliwa. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leseni ya Pandoc nayo hairuhusu yeyote kuzuia kazi kama hiyo.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inawataka wanaoshughulikia habari za watu binafsi kuzilinda. Kwa katibu aliyeaminiwa daftari la wenzake, ulinzi huo huanza kwa kujua faili inakwenda wapi kabla ya kuipakia.