Moshi wa Mashine ya Kushindilia Udongo

Udongo wetu mweusi wa Lambwe na Nyatike huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, ndiyo maana fundi wa tangi la maji huleta mashine ya kushindilia. Lakini nafasi kati ya tangi na nyumba ikiwa nyembamba, moshi wa petroli huingia dirishani. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtoto aliyelala hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Mbebe, mwende kwa jirani hadi mashine izimwe na nyumba ipate hewa. Akiwa mlegevu au akitapika, mkimbize hospitali. Mimi humwomba fundi ashindilie hapo kwa gogo, udongo ukiwa na unyevu kidogo, tabaka jembamba baada ya jingine. Kazi huchukua muda, najua.