Mahindi kwa nguruwe: fahamu nishati iliyo ndani ya gunia

Kila baada ya mavuno, mfugaji wa nguruwe katika Kaunti ya Busia hukabiliwa na swali lile lile: mahindi yaliyo ghalani yauzwe, yawekewe watoto, au yapelekwe horini? Kutoka Teso hadi Budalang'i, familia nyingi hufuga nguruwe wachache nyuma ya nyumba ili wakiuzwa walipe karo au gharama ya matibabu. Mahindi yakitumiwa vibaya, familia hupoteza mara mbili: chakula cha nyumbani hupungua na nguruwe hafikishi uzito wa soko kwa wakati.

Ili kujibu swali hilo, ni muhimu kujua mahindi humpa nguruwe nini, na kipi hayawezi kumpa.

Nishati huenda wapi?

Kilo moja ya mahindi makavu ina takriban kilokalori 3,900 za nishati. Nguruwe hazipati zote. Takriban 450 hutoka na kinyesi na kiasi kidogo hutoka na mkojo. Zinazobaki kwa matumizi ya mwili ni karibu 3,400. Kati ya hizo, 700 hivi hugeuka kuwa joto wakati mwili unapokishughulikia chakula. Mwishowe hubaki takriban 2,700 za kumweka mnyama hai na kumkuza.

Hicho ni kiwango kizuri. Zaidi ya asilimia 60 ya punje ya mahindi ni wanga, na nyuzinyuzi zake ni chache. Nguruwe ana tumbo moja kama binadamu, hivyo hawezi kunufaika na nyasi na maganda kama ng'ombe. Ndiyo maana kilo ya pumba za ngano, ambazo zina nyuzinyuzi nyingi, humpa kilokalori 2,300 hivi pale ambapo mahindi humpa 3,400. Anayenunua chakula kwa kutazama bei ya gunia pekee anaweza kudhani amepata nafuu, kumbe amenunua nishati iliyo pungufu kwa karibu theluthi moja.

Mwili hujilipa kwanza

Kabla nguruwe hajaongeza hata gramu moja ya nyama, mwili wake hutumia nishati kupumua, kutembea, kusukuma damu na kutunza joto. Nguruwe wa kilo 50 huhitaji takriban kilokalori 2,000 kila siku kwa kazi hiyo tu. Hizo ni sawa na gramu 600 za mahindi, chini kidogo ya theluthi moja ya gorogoro ya kilo mbili.

Hapa ndipo wafugaji wengi hupata hasara bila kujua. Chukua mfano wa chakula kilichochanganywa chenye kilokalori 3,300 kwa kilo. Nguruwe huyo akipewa kilo moja kwa siku, zaidi ya nusu ya nishati huishia kumweka hai, na hubaki kilokalori 1,300 hivi za kukua. Akipewa kilo mbili, mahitaji ya kuishi hayabadiliki, kwa hivyo zinazobaki ni karibu 4,600. Chakula kimeongezwa mara mbili, lakini nishati ya kukua imeongezeka zaidi ya mara tatu.

Kwa hivyo kumlisha nguruwe kidogo kidogo kwa miezi mingi si kuweka akiba. Kila siku anayokaa zizini huanza kwa kudai zile gramu 600. Mwenye chakula cha kutosha nguruwe wawili ni afadhali afuge wawili na kuwashibisha, kuliko kufuga watano ambao watakula mahindi yale yale na kubaki wamedumaa.

Nguvu bila mwili

Mahindi ni chakula cha nguvu, si cha kujenga mwili. Yana protini asilimia 8 hivi, ilhali nguruwe anayekua huhitaji chakula chenye asilimia 16 hadi 18. Upungufu mkubwa zaidi ni wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Kilo ya mahindi ina gramu 2.5 hivi za laisini. Nguruwe wa kisasa wa kilo 25 hadi 50 huhitaji takriban gramu 11 katika kila kilo ya chakula. Mahindi peke yake, basi, hayafikishi hata robo ya mahitaji hayo.

Nguruwe anayelishwa mahindi matupu hupata nguvu asizoweza kuzigeuza kuwa nyama. Ziada hugeuka mafuta, na ukuaji huwa wa polepole. Dawa ni kuyachanganya na vyakula vya protini vinavyopatikana karibu: omena kutoka Ziwa Victoria, soya iliyokaangwa, au mashudu ya alizeti. Soya mbichi isitumiwe, kwa sababu ina kemikali zinazozuia protini kumeng'enywa. Omena nayo ikaguliwe isiwe na mchanga.

Mfano wa mchanganyiko wa kilo 100 ni mahindi kilo 65, soya iliyokaangwa kilo 20, omena kilo 5, pumba za ngano kilo 8, na kilo 2 za chumvi, madini na vitamini kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Mchanganyiko huo hutoa protini ya takriban asilimia 16. Kwa kuwa ubora wa omena na soya hutofautiana, ni vyema afisa wa mifugo aupitie kabla ya kuanza kutumiwa.

Unyevu, usagaji na ukungu

Maji hayana nishati. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa mahindi ya kuhifadhi, lina karibu kilo 78 za chakula chenyewe. Lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 72. Anayelipa bei sawa kwa magunia hayo mawili amenunua karibu kilo sita za maji kwa bei ya mahindi.

Kipimo rahisi ni chupa ya kioo iliyokauka. Tia mahindi na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha uache yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudishwe juani.

Punje nzima nyingi hupita tumboni bila kumeng'enywa. Yasagwe hadi chembe ziwe na ukubwa uliozidi kidogo nusu milimita. Unga laini sana si mzuri pia, kwani huleta vumbi na unaweza kusababisha vidonda vya tumbo.

Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe nguruwe kwa kisingizio kwamba yameshaharibika. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua zaidi ya watu 100 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zao. Sumu hiyo hudhuru ini la nguruwe pia, hupunguza hamu ya kula na kudumaza wachanga. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi.

Mahindi yakipanda bei

Busia ina mazao mengine yenye nishati. Mtama mweupe hukaribia mahindi, ingawa ule mwekundu wenye uchungu humeng'enywa kwa shida zaidi. Mihogo iliyomenywa, kukatwa na kukaushwa vyema ina nishati inayokaribia ya mahindi, na ukaushaji hupunguza sumu yake ya asili. Lakini protini yake ni asilimia 2 hadi 3 tu, hivyo soya au omena iongezwe. Viazi vitamu vibichi vina maji mengi. Kilo tatu hadi nne ndizo hutoshana na kilo moja ya mahindi. Mabaki ya hotelini yachemshwe kabisa kwanza, kwa kuwa yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika.

Mambo ya kuzingatia

1. Pima chakula kwa mizani au gorogoro, na uandike kiasi kinacholiwa kila siku.
2. Pima au kadiria uzito wa nguruwe kila wiki mbili. Asipoongeza uzito, chunguza kwanza kiasi cha chakula na protini, kisha minyoo.
3. Hakikisha ana maji safi wakati wote, kwani akikosa maji hupunguza kula.
4. Tenga mahindi ya familia hadi mavuno yajayo kabla ya kuamua idadi ya nguruwe.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za ufugaji ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Mfugaji anayehitaji kupangiwa mchanganyiko unaolingana na mazao yake anashauriwa kumwona afisa wa mifugo wa wadi yake, akiwa na orodha ya vyakula alivyo navyo, bei zake, na idadi na umri wa nguruwe wake.